Mzazi Amsaidie Mtoto Kiasi Gani? Mhadhara wa Mtaalamu Asiyepingwa

Bwana Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi wenzangu, na wewe bwana unayechungulia dirishani kwa kuwa umesikia kuna soda: hamjambo. Maukuta ya ukumbi huu yawe shahidi (katibu wangu hapa ameandika "kuta", vijana wana haraka ya kalamu) kwamba leo swali la mzazi na kazi ya ziada ya mtoto limempata mwenyewe.

Kwanza mnijue. Mimi ni zao la mfumo wa elimu wa 8-4-4. Nilifanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 1988 nikapata alama 301. Asanteni, nasikia minong'ono. Mwalimu wa Hisabati anauliza 301 kati ya ngapi. Mwalimu, enzi hizo karatasi zilikuwa saba na jumla ilikuwa 700, na sioni hilo linaihusu vipi mada. Mtihani wenyewe niliupenda hata mwaka uliofuata nikaurudia, nikapata 294. Zaidi ya hayo, nimehudhuria semina ya malezi ya siku mbili kule Naivasha. Ya kwanza nilichelewa, ya pili ilikuwa ya kupiga picha na kugawa vyeti. Cheti ninacho. Kimening'inia sebuleni, mkabala na mlango, ili mgeni asipate taabu.

Sasa mada. Mtaala wa umilisi ulipoenea nchi nzima mwaka 2019, wazazi mlilia. Karatasi za manila! Gundi! Picha za kuchapisha kwa mtu wa saiba saa tatu usiku, naye anafunga! Kuna waliosema kazi ya mtoto ni ya mtoto. Nawaheshimu, ila hao Naivasha hawakufika.

Chukueni mfano wangu. Somo la Kilimo, Gredi ya Nne: binti yangu atengeneze sanamu ya kufukuza ndege shambani. Nilimkuta tayari ana vijiti, gunia na majani makavu. Nikamwambia, mwanangu, kaa kando uone umilisi. Msingi wa sanamu ni koti. Nikalitoa mhanga koti langu la kijivu, la harusi, lililoshonwa na fundi mmoja wa Nakuru ambaye aliponipima kifua aliweka futi chini, akatikisa kichwa, akasema tangu ajifunze cherehani hajaona kifua kama hiki. Mke wangu husema alikuwa akitikisa kichwa kwa sababu ya tumbo. Fundi hayupo tena mjini, kwa hiyo ushahidi uliobaki ni wangu.

Nilifanya kazi usiku tatu. Mtoto alishika tochi. Aliposinzia, tochi ikashikwa na mama yake. Siku ya nne asubuhi sanamu ilisimama shambani, na mwenye duka wa pale njia panda alipopita aliisalimia, kisha akaidai hela ya unga. Semeni wenyewe kama hiyo si sanaa! Baadaye kunguru wawili wakatua mabegani pake. Nilimweleza mwalimu kwamba hata ndege huvutwa na hadhi.

Mwalimu akatupa "Kukaribia matarajio". Vipimo ni vinne, wazazi: kuzidisha, kufikia, kukaribia, na mbali na matarajio. Chini yangu ilibaki ngazi moja. Nikaandika barua ya malalamiko, kurasa nne. Akajibu kwa mstari mmoja: mpe mtoto gunia na kamba, umuulize ndege huogopa nini, halafu umwache. Nimuulize mtoto! Mimi, mtu wa alama 301! Wiki iliyofuata nikiwa safarini Eldoret, binti akaunda nyingine peke yake, ya makopo matupu yanayogongana upepo ukivuma. Akazidisha matarajio. Mnaona jinsi mtaala huu unavyotegemea hali ya hewa.

Halafu Kiswahili. "Andika wingi wa ukuta." Nilimwamuru aandike maukuta. Mwalimu akachora alama nyekundu yenye ukubwa wa jembe na kuandika pembeni, "Ngeli ya U-ZI." Ngeli gani? Nimesema maukuta hapa mbele yenu, na hakuna aliyekosa kunielewa. Mbona mnacheka?

Mtaala wenyewe una umilisi wa kimsingi saba, nao naujua kama kiganja changu: kujiamini. Ubunifu. Kujiamini... Katibu ananinong'oneza "uwazaji kina". Nilikuwa naelekea huko huko. Nimtetee katibu wangu: maandishi yake ni makubwa kwa sababu miwani yangu iko kwa fundi, na hotuba yote hii ni mawazo yangu. Yeye aliyapanga tu, akaondoa yaliyorudiwa, akaongeza yaliyokosekana.

Sasa nifikie jibu lenyewe, maana Mwenyekiti anaangalia saa. Mzazi amsaidie mtoto kiasi gani? Jibu langu ni fupi na limekamilika, na liko ukurasa wa sita. Huu ni wa tano. Huu tena ni wa tano, kinyumenyume. Katibu, nipe wa...

Ameenda wapi? Kengele? Kengele ya nani?

Mwalimu wa Gredi ya Nne, samahani sana. Niruhusie huyo msichana wa dawati la mbele, dakika mbili tu, aje na hiyo karatasi amsaidie baba yake.