Muulize Koko: Nani Kaumega Mlima?

Wiki hii nimepata barua tano, na zote zinahusu watoto. Nailaumu baridi ya mwezi wa saba. Mtoto akizuiwa kutoka nje maswali humjaa, na yakimjaa humwagikia aliye karibu. Nimezijibu kwa kadiri nilivyozifungua, isipokuwa moja niliyoiweka chini ya kikombe mpaka nipoe.

*Shikamoo Koko. Tulikwenda msibani Ngare Nanyuki na mwanangu wa miaka 5. Huku mjini amezoea kuuona Meru mzima. Tulipofika upande ule akasimama katikati ya waombolezaji na kuuliza kwa sauti: "Baba, nani kaumega mlima?" Nikamwambia anyamaze. Hii ni wiki ya tatu, hana swali jingine. Nifanyeje? — Baba Aliyeishiwa, Sakina*

Marahaba, baba. Kwanza mpongeze. Wapo watu wazima waliokaa chini ya mlima huu miaka sitini bila kugundua kwamba hauna ubavu.

Leo usiku, ugali ukishapakuliwa, mwite jikoni. Umege upande mmoja kwa mkono mpaka ufike katikati, umwonyeshe shimo. Ndivyo Meru ulivyo. Yapata miaka 8,000 iliyopita ubavu wake wa mashariki ulibomoka, tope na mawe yakaporomoka mpaka mbali. Vile vilima vidogo mnavyovipita, na maziwa ya Momella wanakosimama heroe kwa mguu mmoja, vyote vimekaa juu ya kifusi hicho. Sasa chukua tonge dogo ulitie katikati ya shimo. Hilo ni kilima cha majivu kilichoota baadaye. Mkimaliza mnawe, mle, ugali usipoe.

Atakuuliza kama utalipuka tena. Usimdanganye. Mlima umelala, haujafa. Mara ya mwisho kutoa majivu ilikuwa 1910, tena kidogo. Mjukuu wangu nilipomwambia hivyo aliuliza kama unakoroma. Nikajibu kwamba mkoromaji ni jirani yake, Ol Doinyo Lengai, ambaye karibu naye ardhi ilitikisika Julai 2007 mpaka watu wa Nairobi wakatoka nje ya maghorofa. Usiku ule mjukuu alilala na viatu. Kwa hiyo habari za Lengai zitolewe asubuhi.

*Shikamoo Koko. Jana ndani ya kifodi, tumebanana kama kawaida, binti yangu wa miaka 4 nimempakata mbele ya mzee mmoja mwenye heshima zake. Mzee akamchekea. Binti akasema: "Mama, babu huyu amekunywa chai ikabaki kwenye meno." Konda alicheka mpaka akasahau kudai nauli. Nilishuka Tengeru, na kwangu ni mbele kabisa. Nitapanda tena gari la njia ile kwa uso gani? — Mwenye Aibu, Maji ya Chai*

Marahaba, mama. Hebu soma tena ulikoandikia barua. Maji ya Chai! Wanasimulia kwamba jina lilitokana na rangi ya maji ya mto. Rangi ya mto ni jambo moja na rangi ya meno ni jingine, lakini huwezi kumlea mtoto kwenye kijiji chenye jina hilo halafu ushangae akikuta chai mahali.

Meno yale ni kazi ya mlima. Miamba ya volkano ina madini ya floraidi, na maji yanayopita humo huyabeba mpaka kwenye chemchemi na visima vyetu. Meno ya ukubwani hutengenezwa ndani ya fizi mtu akiwa bado mtoto. Akinywa maji yenye floraidi nyingi miaka hiyo, meno huchomoza na madoa ya kahawia, na hakuna mswaki utakaoyatoa. Aliyehamia hapa kutoka Tanga na miaka 30 atakunywa maji hayohayo na meno yake yatabaki meupe, kisha ataturingia. Kuchemsha maji hakusaidii, maana maji hupungua na floraidi hubaki. Magadi ya kulainishia makande nayo huongeza. Pale Ngurdoto kuna kituo walichokaa miaka mingi wakichuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na unasaidia kweli. Kama huna chujio, kinga maji ya mvua, uyatenge yawe ya kunywa mtoto.

Sasa nikwambie la kwangu. Kwenye picha ya harusi yangu nimefunga mdomo kama niliyepelekwa mahakamani. Mjukuu aliiona akauliza kwa nini bibi harusi amenuna. Nikamfunulia meno. Aliyahesabu, akayagusa moja moja, akasema yanafanana na ganda la karanga, kisha akataka kujua atayapata lini ya kwake. Nimeficha haya meno miaka arobaini, mama, na aliyeyasifu wa kwanza alikuwa na makamasi.

Kifodi panda. Ukimwona mzee, mtoto amwamkie, na wewe umweleze binti mbele yake kwamba babu ni mzaliwa wa hapa. Mzee atakumalizia maelezo yeye mwenyewe, na pengine usifike kwako mapema.

*Shikamoo Koko. Mwanangu ameleta ndani kinyonga mwenye pembe puani, anadai ni faru ambaye hajakua. Alimtia kwenye beseni la kufulia. Mama mkwe aliyekuja kututembelea amekataa kuvuka kizingiti. Leo asubuhi nimefunua beseni nikakuta vinyonga wadogo hawahesabiki. Je, ni uchawi? — Mke Mwenye Mgeni, Nkoaranga*

Marahaba. Si uchawi, ni uzazi. Vinyonga wengi hutaga mayai na kuyafukia, lakini huyu wa pembe wa huku kwetu Meru huzaa watoto wakiwa hai, na dume lake lina pembe tatu kamili, kwa hiyo mwanao na faru wake hayuko mbali sana na ukweli. Mama hawalei. Wakishadondoka kila mmoja hushika tawi lake na safari yake.

Mpe mwanao beseni alibebe mwenyewe mpaka kwenye mti alikomtoa, wote warudi. Mwambie pia kwamba mnyama wa porini ni nyara ya serikali, na akikutwa naye ataulizwa maswali na watu ambao hawana miaka 5. Mama mkwe mkaribishie chai huko nje. Kinyonga tumefundishwa kumwogopa tangu utotoni, na hofu ya miaka sabini haiondoki kwa maelezo ya Koko. Beseni lisuguliwe kwa majivu mbele ya macho yake.

*Koko shikamoo. Mwanangu anabisha kwamba Mnara wa Saa wa hapa mjini si katikati ya Cairo na Cape Town. — Mzalendo, Kaloleni*

Marahaba. Mpe ramani ya Afrika na uzi wa kushonea. Sisi tulipopima, vipande viwili vilikaribiana sana lakini havikulingana. Usinitaje, nina ndugu anayepiga picha za wageni pale.

Haya, sasa ile ya chini ya kikombe. Haina shikamoo.

*Koko, mama yangu anaishi Tengeru, na kila Jumamosi anamchukua mwanangu eti waende gulioni. Gulioni hawafiki. Wiki iliyopita walikwenda Duluti kumfuata kenge, mtoto akarudi na kiatu kimoja na tope mpaka masikioni. Kabla ya hapo walikwenda Ngurdoto, akamwonyesha mbega na kumwambia hana kidole gumba. Jumatatu mtoto akaenda shule amejifunga gumba zote mbili kwa plasta, nikapigiwa simu kwamba hawezi kushika penseli. Juzi amelala na viatu, hataki kusema sababu. Nikimwambia mama, ananijibu kwa mafumbo. Nimkataze? — Mama wa Njiro*

Mama wa Njiro, bibi huyo simfahamu.

Kuhusu mbega, ni kweli hana gumba. Mkono wake umebaki kulabu ya vidole vinne, na kwa kulabu hiyo hurukia matawi bila kukwama. Mtoto aliyejifunga plasta alikuwa anajaribu kujua maisha ya mbega yakoje. Je, ulimuuliza alichogundua? Bibi yake, bila shaka, aliuliza. Kikombe hushikika kwa mikono miwili, ndizi humenyeka, kifungo cha shati hakifungiki kabisa. Huko huko Ngurdoto mtoto alitaka kujua kwa nini watu hawaruhusiwi kushuka chini kwenye kreta ilhali nyati wanashuka, na nani aliwapa ruhusa. Hilo hata askari wa hifadhi alicheka tu. Nadhani alicheka. Sikuwepo.

Kuhusu kenge, Duluti ni ziwa lililokaa ndani ya kreta, kingo zake zina msitu na zinateleza, na kenge hamsubiri mtu afunge kamba za viatu.

Ila nakumbuka binti mmoja wa Tengeru, siku hizi ni mtu mzima mwenye ofisi yake mjini. Mwaka alioanza darasa la kwanza alipita na mama yake kwenye makaburi ya Wapolandi, akasoma majina yale kwa shida, herufi kwa herufi, akauliza watu hawa walifikaje kufia kwetu. Mama yake alikuwa na mzigo wa ndizi kichwani na jibu hakuwa nalo. Alimwambia anyamaze. Jibu alilipata miaka mingi baadaye: walikuwa wakimbizi wa vita walioanza kuletwa 1942, wamepitia Siberia na Uajemi, wengi wao wanawake na watoto, na Tengeru ikapokea karibu 5,000. Lakini binti hakuuliza tena, si siku ile wala baadaye, na mama akabaki na jibu lake.

Kiatu, kwa kubahatisha tu, kitakuwa juu ya banda la kuku, kinakauka. Kukileta Njiro ni mbali kwa magoti ya bibi yeyote. Mkifuate wote wawili Jumamosi. Makaburi yako njia hiyohiyo. Na wewe usije na viatu vya ofisini.