Imelowekwa

Kuna watu hawaoshi vyombo, wanaloweka. Sufuria ya ugali imejazwa maji tangu jana usiku, asubuhi ukoko umeshabanduka wenyewe na unaelea, lakini mhusika anashikilia kwamba bado haujalainika. Akishikwa na haya ataosha glasi moja, ile yake, na sebule nzima itataarifiwa.

Halafu kuna kile kitambaa. Kimefuta meza, kimeipua chungu, kimempangusa mtoto makamasi, na sasa kinakausha sahani. Uchanja upo uani, jua la Dar es Salaam linawaka bure, wala halidai umeme wa LUKU.

Sahani za udongo, hizo msiziguse! Zimo kabatini tangu harusi, zinamsubiri mgeni ambaye kila akija anapakuliwa kwenye za plastiki.