Marehemu Kafufuka, Warithi Wamenuna

Leipzig, Januari 2026

Mjomba,

Nakuandikia wewe peke yako kwa sababu ndugu wengine wote wameninunia, na wewe ndiye fundi pekee katika ukoo, utanielewa.

Kosa langu ni dogo. Mwezi wa kumi na moja niliandika kwenye grupu la familia: "Laptopu yangu imechoka, itabidi nitafute nyingine." Maneno hayo tu. Hata simu sijaiweka mezani, mdogo wangu keshajibu: "Pole sana kaka. Sasa hiyo ya zamani anapewa nani?" Shemeji akasema anayeanza chuo apewe kipaumbele. Binamu wa Muheza, ambaye tangu Idi ya mwaka juzi hajanijulia hali, akaibuka na salamu ndefu na picha za watoto. Mama akafunga mjadala kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne: ije Tanga, mengine yatapangwa hapo hapo.

Na mimi ujumbe wote huo nausikilizia kwenye laptopu hiyo hiyo. Mgonjwa anapumua, watu wanapima sanda.

Mashine yenyewe ni ThinkPad T470, ya mwaka 2017. Ilianza kazi kwenye ofisi moja Uingereza, ndiyo maana juu ya namba 3 ina alama ya pauni. Ofisi ikaichoka, ikashushwa Dar kama mtumba, nikainunua Kariakoo, nikapanda nayo ndege kuirudisha Ulaya. Sasa ukoo unataka irudi tena Tanga. Kuna mabaharia hawajasafiri hivyo.

Ugonjwa wake sikufichi. Naiwasha, nabandika maji ya chai, nakunywa chai, nikirudi duara bado linazunguka. Diski ndani inakuna kama mbuzi ya nazi. RAM ni gigabaiti 4, ukifungua kurasa tano za intaneti ya sita inaomba radhi. Betri hata nusu saa haifiki. Najua ungeniambia niianike juani. Kwanza hizi si zile za redio, zikizidiwa na joto zinaweza kuwaka moto. Pili, Mjomba, jua lenyewe liko wapi?

Halafu kuna hili la Windows. Tarehe 14 Oktoba, ninyi mkiwa mapumzikoni kumkumbuka Mwalimu, Windows 10 ndiyo ilikuwa inaagwa rasmi. Kuna viraka vya usalama vya mwaka mmoja zaidi kwa wanaojiandikisha, baada ya hapo kila mtu na lwake. Nikasema basi nihamie Windows 11. Ikakataa. Inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache sana, na yangu ni kizazi cha saba. Yaani mashine imesafiri dunia nzima, inakuja kunyimwa kazi kwa sababu iliishia la saba!

Nikaenda dukani kuangalia mpya. Inayoeleweka ni euro 700 na ushee. Ughaibuni kuna mambo mawili mtu hafanyi: hasimami kwenye njia ya baiskeli, na hageuzi bei kuwa shilingi akiwa dukani. Mimi niligeuza. Ilikuja kama milioni mbili. Nikatoka nje kupata hewa, nikasimama kwenye njia ya baiskeli.

Nikajaribu ya mtumba, kizazi cha nane, kwa mtu mmoja anayeuza nyumbani kwake. Safi, bei nafuu. Nikaomba niijaribu kidogo. Nikaandika, bila kutazama vidole, "Mzee wangu, nakutakia mwaka mpya mzuri." Kwenye kioo ikatoka: "Myee wangu, nakutakia mwaka mpza myuri." Kibodi za Wajerumani, Mjomba, zimebadilishana Y na Z. Muuzaji akasema hilo hurekebishwa kwenye mipangilio. Kweli, ila maandishi ya kwenye vibonye yanabaki vile vile, na mimi sikutaka maisha ya kubonyeza Z nikitafuta Y. Kiingereza kingevumilia. Kiswahili, lugha yenye nyanya, nyanza na nyuzi, hapana.

Ikabaki kuitibu ya zamani. Hapo nikakutana na bei ya RAM, imepaa. Kampuni zinazojenga mitambo ya akili mnemba zinanunua chipu za kumbukumbu kwa pupa, na viwanda vinawahudumia wao kwanza. Mashine zinasomeshwa, sisi tunanyang'anywa kumbukumbu.

Basi Jumamosi moja nikaenda Repair Café. Ni utaratibu ulioanzia Amsterdam mwaka 2009, sasa umesambaa: unaenda na kitu chako kibovu, mafundi wa kujitolea wanakaa nawe mnakitengeneza pamoja, pembeni kuna kahawa na keki. Mimi niliangukia kwa babu mmoja mstaafu, zamani fundi wa Robotron, waliokuwa wakitengeneza kompyuta za Ujerumani Mashariki. Alipojua natoka Tanzania akauliza: zile nyumba za Michenzani, Zanzibar, walizozijenga wenzake, bado zipo?

"Zipo. Watu wanaishi."

"Basi tufungue hii," akasema, kana kwamba hoja imekwisha.

Mjomba, ungempenda. Kwanza aliingia kwenye BIOS akaizima betri ya ndani, maana mashine hii ina betri mbili, ya nje ya kuchomoa na ya ndani iliyojificha. Kisha bisibisi. Skrubu za kifuniko hazidondoki, ukizilegeza zinabaki zimeng'ang'ania pale pale, mtu aliyebuni hivyo apewe mji. Halafu akapitisha kadi ya plastiki pembeni, ka, ka, ka, kifuniko kikaachia. Feni ilikuwa imevaa blanketi la vumbi la Dar, na katikati ya blanketi, mende mdogo aliyekauka. Mtanzania mwenzangu, kaingia Schengen bila viza. Babu akainua miwani, akamtazama, akanitazama, hakusema kitu.

RAM akaitoa kwenye kopo la biskuti, lile lile la kwako la Blue Band ila la Kijerumani: vipande viwili vya gigabaiti 8 alivyovinyofoa kwenye laptopu iliyovunjika kioo. Hataki hela. Kila kipande unakiingiza kwa mshazari, unakilaza, vibano viwili vinakidaka: tak. Diski ya zamani ikatoka, ikaingia SSD niliyonunua euro 55, haina kinachozunguka wala kukuna nazi. Betri mpya ya nje nikaongeza 45. Tukaweka Linux Mint, ya bure, haiulizi umeishia darasa la ngapi.

Sasa inawaka kabla sijavuta kiti.

Nikawatangazia kwenye grupu kwa furaha. Kimya. Baadaye Mama akaandika, yeye ambaye haandikagi: "Kwa hiyo umeamua kuitengeneza ili usiitoe." Shemeji akatoka kwenye grupu, akarudishwa, akatoka tena.

Basi nimegawa mirathi kwa kadiri ya mwili uliopatikana. Kuna mtu anakuja Dar mwezi wa tatu. Diski ya zamani ni ya binamu wa Muheza, nimeitilia kasha la USB ahifadhi picha za watoto. Kipande cha RAM cha gigabaiti 4 ni cha mdogo wangu, najua kitamuudhi. Betri iliyokufa hairithiwi na mtu, hapa maduka yanayouza betri ndiyo yanayopokea mizoga yake. Mama nimemnunulia soksi nzito, ingawa Tanga sijui atazivalia wapi. Mtulize, tafadhali, wewe anakusikiliza.

Na kwenye bahasha ndogo ya kaki kuna skrubu mbili. Zilibaki mezani tulipomaliza kufunga. Mashine inafanya kazi vizuri, babu hajui zilitoka wapi, mimi sijui. Nimekuletea wewe, uzitie kwenye kopo.

Mpwa wako