Fundi na Ibara ya 15

Kijana wa Bunia aliyejaliwa nyundo, bisibisi na msumeno, ambaye mtaa mzima humwita kila bomba livujapo na kila kitasa kigomapo, asighurike akadhani kwamba umahiri wa mikono wamtosha kuwa fundi halali. Kwani sheria ya tarehe 2 Agosti 1979 yamtaka mwenye biashara ndogo awe na patanti, yaani leseni ya biashara, na kanuni za OHADA, ile jumuiya ya nchi za Afrika yenye sheria za biashara za pamoja, ambayo Kongo ya Kidemokrasia iliingia mwaka 2012, zamtaka mjasiriamali mdogo atoe tamko katika daftari la biashara. Taratibu hizi ni adilifu kabisa, ila hakuna hata moja imwulizayo fundi kama aweza kuutambua waya wenye moto kabla haujamtambua yeye. Ndipo raia, kwa adabu na taadhima, wakahiari kuitii ile Ibara ya 15 mashuhuri, isemayo kila mtu ajitafutie mwenyewe, ambayo haimo katika katiba yetu kwa maneno hayo, haitozi ada, haihitaji muhuri, na, ajabu ya Rabi, ndiyo sheria pekee nchini isiyopata kuvunjwa na mtu.