Mwongozo wa Kutoa Majina Mabaya kwa Kufuata Utaratibu

Mwongozo huu ni wa kijana wa Musoma, Bunda au Butiama aliyeona kwamba lugha za programu duniani hazijatosha, akaamua kuongeza ya kwake. Hatumkatishi tamaa. Tunamfundisha tu kutoa majina, kwa kuwa hapo ndipo lugha kubwa zilipoumia, na kidonda kikishapigwa muhuri wa kiwango cha kimataifa hakiruhusiwi tena kupona.

Unda kamati kwanza. Mtu akikosea peke yake hufuta kimyakimya. Kamati ikikosea, kosa huandikwa kwenye muhtasari wa kikao na posho ikalipwa. Lililo bora zaidi ni kosa la mtu mmoja ambalo kamati imelibariki. Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa Unix, aliipa amri ya kutengeneza faili jina creat, bila e ya mwisho. Alipoulizwa miaka mingi baadaye angebadilisha nini kama angeanza upya, alisema angeiongeza hiyo e. Wenye viwango walipofika walikuta programu zimeshaandikwa kila mahali, wakaliidhinisha jina na pengo lake. Referer ya HTTP nayo ilikosa r moja, ikachapishwa hivyo mwaka 1996, na vivinjari vya leo bado vinaituma na kosa lake kwa utiifu mkubwa.

Msijidai kuwa wa kwanza kuweka Kiswahili kwenye kompyuta. Nuru ipo: lugha ya programu ambayo fanya hutambulisha jina jipya, kama na sivyo huamua njia, rudisha hutoa jibu, na andika huonyesha matokeo. Waundaji wake waliiandika kwa lugha ya Go. Tazameni maamuzi yao. Uongo wa kimantiki ni sikweli, limebanwa pamoja, maana kompyuta hukata neno kila inapoona nafasi. Kupitia orodha huandikwa kwa kutumia ktk. Ndiyo, ktk, kile kifupisho cha mwalimu aliyeishiwa ubao. Mtacheka, lakini mimi naliheshimu kuliko yote. Kila neno ambalo lugha inajitengea ni neno ambalo mtumiaji amenyang'anywa, na hakuna binadamu aliyewahi kutaka kuita kitu chake ktk.

Ninyi msiwe na huruma hiyo. Tengeni maneno matamu: bei, jina, kilo, jumla. Mchuuzi wa dagaa pale Mwigobero akitaka programu ya kuhesabu bei ya gunia, ataambiwa kwamba bei ni mali ya lugha, yeye aandike bei_ au bei2. Kamati ya C++ ilijaribu kuwa waungwana. Ilipoleta yield mwaka 2020, ilikuta watu wameshalitumia neno hilo kwenye hesabu zao za fedha na za mavuno, ikalibandika kiambishi likawa co_yield. Jina limebaki na sura ya mgeni aliyevaa beji. Mwaka 2011 nako walitaka jedwali ambalo kila mtu alilijua kama hash_map. Jina lilikuwa limeshachukuliwa na maktaba za watu, nao wakaliita unordered_map, yaani wakalitangaza kwa kile lisichokifanya.

Mkipatwa na mgongano wa majina, msiende mbali kutafuta dawa. Musoma ina Halmashauri ya Manispaa na Halmashauri ya Wilaya. Bunda ina Halmashauri ya Mji na Halmashauri ya Wilaya. Aliyetuma barua kwa “Mkurugenzi, Musoma” anajua raha ya kusubiri. Waandishi wa programu hutatua hilo kwa kuweka jina la ukoo mbele ya jina la kitu. Ninyi lifanyeni kuwa la hiari.

Urefu wa majina nao upangiwe bajeti. Kiwango cha C cha mwaka 1989 kiliahidi herufi 6 tu za mwanzo kwa majina yanayovuka kutoka faili moja kwenda jingine, wala hakikudai kutofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa sababu mashine za zamani zilizounganisha mafaili hazikuweza zaidi ya hapo. Kwa sheria hiyo bei_ya_sato na bei_ya_sangara ni kitu kimoja. Pelekeni habari hiyo kwa wavuvi wa Makoko, kisha muondoke haraka.

Kuna pia mtindo wa herufi ya kwanza kubeba siri. Fortran ya mwaka 1957 iliamua kwamba jina linaloanza na herufi yoyote kuanzia I mpaka N ni la namba nzima, mengine ni ya desimali. Majirani zetu Wajaluo wa Rorya hawakuhitaji kamati: aliyezaliwa usiku ni Otieno akiwa mvulana, Atieno akiwa msichana, na umejua jinsia na saa kabla hujamwona mtoto. Tofauti ni kwamba Otieno hageuki kuwa namba nzima kwa sababu karani alikosea herufi.

Kwenye kikao cha majina, waalikeni wazee.

“Mura, hii ya kitu kisicho na thamani mmeiitaje?”

“Tupu, mzee.”

“Tupu? Na kina mama wamekaa hapa?”

Kikao kitaahirishwa, posho ya pili italipwa.

Jambo la hatari kwa kamati yenu ni mtu mwenye kutaka kubadilisha jina mapema. Butiama pana mfano mbaya wa aina hiyo. Mtoto aliyezaliwa kwa Mtemi Burito mwaka 1922 aliitwa kwanza Mugendi. Mganga akashauri, jina likabadilishwa angali mchanga, akawa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Julius lilikuja mwaka 1943 kwa ubatizo, likaongezwa juu bila kufuta lililotangulia. Hakuna kilichoharibika, jambo ambalo kamati haiwezi kulivumilia. Afadhali mngoje mpaka dunia nzima iwe imezoea. Python ilibadilisha print na mengine mwaka 2008, na toleo la zamani likaendelea kuhudumiwa mpaka Januari 2020.

Mkishachapisha, malalamiko yakija kutoka Bweri mpaka Makutano, jibuni kwamba pendekezo limepokelewa. Kisha ongezeni jina la pili lililo sahihi, na la kwanza mliache likifanya kazi. Wenye C waliingiza _Bool mwaka 1999, na bool likawa la kuazimwa kwenye faili la pembeni. Ndipo toleo la C23 likalifanya bool kuwa neno kamili la lugha, huku _Bool likiendelea kukubalika. Kwenye waraka wenu andikeni kwamba yote mawili ni sahihi, ila lile la pili linapendekezwa zaidi, isipokuwa pale ambapo la kwanza linahitajika.