Tembo Aliyetoka Topeni

Wanyama wa Ugogo husimulia kwamba yule tembo aliyezama kwenye tope la kijito, ambaye wazee husema ndiye aliyeipa Dodoma jina lake, hakuwa peke yake. Alikuwa na ndama wake. Ndama naye alizama hadi kifuani, akanusurika.

Alipokua, aliketi chini ya mbuyu karibu na kilima cha Mlimwa, akawasikiliza waliolemewa na mambo. Binadamu wana hospitali yao ya afya ya akili, Mirembe. Wanyama walikuwa na yeye. Hakumwambia yeyote ajikaze, kwani aliyewahi kumezwa na ardhi hasemi hivyo. Swala aliyeponea chupuchupu kichaka kilipoungua alikaa kwake kutwa bila kutamka neno, wala hakuharakishwa. Mimi naona hapo ndipo uganga wake ulipokuwa.

Siku moja akaja Punda kutoka Kongwa. “Mama, nimekwama,” alisema. Hajamaliza, mkonga ukawa shingoni mwake. Tembo alimvuta kwa nguvu zote, akimhimiza apige miguu, asitazame chini. Punda alikokotwa hadi magoti yakachubuka.

“Mama,” alisema akihema, “mimi niko pakavu. Mwanangu amekufa.”

Usiku ule Tembo alikwenda kwa Kobe, mzee aliyeiona Mtunya, njaa iliyoikumba Ugogo baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kuchukua nafaka na ng'ombe, na mvua nayo ikakataa kunyesha. Ilipofika 1919 watu walikuwa wakifa njiani.

“Mbukwa, babu. Leo nimemuumiza mgonjwa.”

Kobe alimsikiliza hadi mwisho. “Ulikuwa unamvuta nani, mjukuu wangu?”

Tembo alikaa kimya muda mrefu. “Mama yangu,” alisema, akaangua kilio.

Kobe alimwacha alie. Kisha akasema, “Baada ya Mtunya, kila aliyenijia na machozi nilimpa uji wa uwele. Kanga alikunywa vibakuli viwili kwa adabu, akaaga. Mpaka leo sijui alikuja kuniambia nini. Kumtambua mwenye njaa nilijua mapema, babu yako. Asiye na njaa ndiye aliyenisumbua miaka.”

Asubuhi Tembo alimfuata Punda, akamwomba radhi, akaketi. Punda akamzungumzia mwanawe, jinsi alivyokuwa akifukua karanga mashambani na kurudi na udongo puani.

“Nawe, Mama, umewahi kufiwa?”

“Nimewahi. Mama yangu, kijitoni. Lakini leo tunamzungumzia mwanao. Karanga alikuwa akizifukuaje?”

Fisi alipoona mbuyu haukauki wageni, akafungua kijiwe ng'ambo, akitangaza kwamba yeye ameteseka kumpita Tembo. Na kweli alikuwa ameteseka. Ila waliomwendea walishinda wakimbembeleza yeye, na jioni wakamlipa. Malalamiko yakafika kwenye baraza la wanyama.

“Makovu ninayo!” Fisi alijitetea, akigeuza ubavu.

“Tumeyaona,” Kobe alijibu. “Mgonjwa akikutonesha kidonda, usiku unampelekea nani?”

Fisi hakuwa na mtu. Baraza likamfungia kijiwe msimu mzima wa mvua, likamwagiza aende chini ya mbuyu, naye akapange foleni pamoja na wagonjwa wengine.