Ombi la Kuhesabiwa Miongoni mwa Vifaranga

Kwa Mheshimiwa Mwenye Muhuri wa Kupitisha Ramani za Nyumba,
Popote ulipo, maana najua pana dari.

YAH: OMBI LA KUHESABIWA MIONGONI MWA VIFARANGA

Mheshimiwa, tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mpangaji hapa Njombe. Uani kwetu kuna banda, na mama mwenye nyumba anafuga kuku wa nyama. Kila anapoleta vifaranga wapya, banda linazibwa turubai pande zote, sakafu inamwagiwa maranda, taa zinawashwa usiku kucha. Bwana mifugo anakuja kukagua, kwa kuwa kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji nyuzijoto 32 hadi 35. Zikishuka atakufa, na akifa ni hasara. Chumba changu hakijawahi kukaguliwa na mtaalamu wa aina yoyote. Mimi nikifa hakuna hasara. Kodi ya miezi sita nilishalipa.

Nikueleze chumba chenyewe. Juu kuna bati ambalo unene wake haufiki nusu milimita, na kati yangu na bati hakuna kitu. Usiku ambao anga halina wingu, bati hutupa joto lake lote juu, likawa la baridi kuliko hata hewa inayoligusa. Pumzi yangu inapanda, inalifikia, inageuka maji, na alfajiri inanirudia usoni tone kwa tone. Ndiyo mvua pekee tunayoipata Julai, na inanyesha ndani. Kuta za kutenganisha vyumba nazo hazifiki juu. Kwa hiyo joto lolote nitakalolipata ni mali ya umma: linapanda, linavuka ukuta, linawasalimu majirani chumba kwa chumba, kisha linatokomea kwenye uwazi wa kenchi. Kutoka kwa jirani kinachonifikia ni redio na kikohozi.

Nyumba ya namna hii, korido katikati na vyumba huku na huku, sina ugomvi nayo. Magomeni na Tandika, kule Dar es Salaam, ina heshima yake: upepo upite, joto litoroke, watu walale. Ila kuna mtu aliikunja ramani hiyo, akapanda nayo basi hadi huku juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, akaijenga kama ilivyo. Hakusahau hata wavu wa mbu dirishani. Mheshimiwa, Njombe ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini. Dirisha langu linamzuia kwa ustadi mkubwa mdudu ambaye haji, na linamfungulia njia mgeni anayekuja kila jioni kuanzia Mei.

Na usije ukadhani huku hakuna mbao. Huku ndiko zinakotoka! Misindano imejaa kila mlima, miwati imepandwa tangu enzi za mkoloni, na malori ya mbao yanashuka kwenda Dar es Salaam mchana na usiku. Baadhi ya mbao hizo zinakwenda kushikilia dari za jipsamu, ili watu wa pwani wasiunguzwe na bati. Sina kinyongo, joto nalo ni adha. Lakini lori la dari ya mtu mwingine linapita barabarani kwetu, mimi nikiwa nimejifunika blanketi mpaka kichwani, na breki zake nazisikia vizuri kwa sababu, kama nilivyosema, hakuna dari.

Wala hatujakaa tu kusubiri serikali. Tumeshona salfeti za mbolea na kuzitandaza chini ya kenchi, tumegongomea katoni madirishani, tunalala na chupa za maji ya moto ndani ya soksi. Nina koti la mtumba lililoshonwa kwa ajili ya theluji ya Ulaya. Aliyelivaa mwanzo bila shaka alikuwa akilivua anapoingia ndani. Mimi nalivaa ninapoingia. Hita ya umeme imepigwa marufuku, kwani mita ya LUKU ni moja kwa wapangaji wote. Taa za vifaranga zinaruhusiwa.

Limebaki jiko la mkaa, na hapa naomba niweke mzaha pembeni. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichozibwa unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoipokonya oksijeni nafasi yake kwenye damu. Kichwa kinauma, usingizi unakuja, basi. Tumeshazika watu kwa namna hiyo. Na pale msibani hakosekani kiongozi wa kutuasa tusilale na jiko ndani. Ni ushauri sahihi, ufuatwe. Bado namsubiri atakayesimama msibani akazungumzia chumba kilichomfanya marehemu aingize jiko.

Mamlaka ya Hali ya Hewa haina lawama, kila mwaka inatangaza mwelekeo wa kipupwe, Juni hadi Agosti, na nyanda za juu kusini hatukosi kutajwa. Nyuzi zinashuka chini ya 10, nasi tunakumbushwa kuvaa nguo nzito. Mbona hakuna anayewaambia vifaranga wavae sweta?

Nimejaribu kutafuta sheria ya kushika. Ile iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Mimi nina mkataba wa ukurasa mmoja, wenye vifungu kuhusu misumari ukutani, wageni wanaolala na saa ya kufunga geti. Joto halimo. Wakati huohuo, tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, mwanzoni ikiwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mwenye jengo ni mama, mnunuzi wa umeme ni mimi. Tuliambiwa mpangaji na mwenye nyumba wamalizane wenyewe. Nilipokwenda kumalizana naye aliniuliza kama wenzangu wanalalamika.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba kwa unyenyekevu: katika maeneo ya baridi, chumba cha kupangisha kisihesabiwe kuwa kimekamilika kama hakina dari na kioo dirishani. Ikionekana ni gharama isiyobebeka kwa wawekezaji, basi nipewe hadhi ya kifaranga, walau kwa kipupwe. Sihitaji mambo makubwa. Turubai, maranda, taa moja. Nipo tayari kupimwa uzito kila wiki na kupata chanjo zote. Bwana mifugo anasema vifaranga wakisikia baridi wanajikusanya pamoja, na hivyo ndivyo anavyotambua kwamba taa haitoshi; namkaribisha apite vyumbani kwetu saa kumi na moja alfajiri atutambue na sisi. Sharti langu ni moja tu: wiki ya sita, wenzangu watakapopelekwa sokoni, mimi nibakizwe kwa ajili ya kundi linalofuata.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mpangaji, chumba cha tatu kulia.

Nakala: Mama mwenye nyumba (kwa taarifa tu, kodi ya miezi sita ijayo nimeshaambiwa imepanda).